Bibi akinyamaza, anza na kipima sukari

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia bibi yako, mwenye kisukari, siku hizi hataki maongezi, sahani anaisukuma kando, na ukimkumbusha dawa anasema "niache". Usiite uzee, wala ukaidi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, huwapata wenye kisukari karibu mara mbili kuliko wasio nacho, na mzee ni nadra kutamka kwamba ana huzuni. Atakwambia mgongo unauma, usingizi hauji, anasahausahau.

Kabla ya yote mpime sukari saa ileile amenuna. Ikiwa chini ya 70 mg/dL (3.9 mmol/L), ukali na kuzubaa huko huenda ni sukari kushuka tu. Mpe gramu 15 za sukari, kama vijiko vinne vya chai visivyojaa sana, ikorogwe kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Sukari ikiwa juu nayo humwamsha kukojoa usiku kucha. Asiyelala atachangamka vipi?

Namba zikiwa nzuri na unyonge ukabaki, muulize kwa upole: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi amekosa hamu ya mambo? Na ni mara ngapi amejisikia mnyonge au kukata tamaa? Kila jibu lipe alama: hapana 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, mpeleke kliniki. Hiyo si hukumu ya ugonjwa, ni sababu ya kupimwa vizuri zaidi.

Huko kliniki beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata za macho. Kama ametumia metformin, kidonge cha kisukari, miaka mingi, omba apimwe vitamini B12, maana dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huleta uchovu, ganzi miguuni na unyonge. Tezi ya shingo (thyroid) pia ipimwe. Akiandikiwa amitriptyline kwa ajili ya miguu inayowaka moto, uliza kama ipo nyingine: kwa wazee huleta kizunguzungu, kuchanganyikiwa na kuanguka. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na hapo ndipo wengi huzitupa wakidhani ni bure. Asiziache ghafla. Na wiki hizo za mwanzo mpime sukari mara nyingi zaidi, kwani baadhi yake huishusha.

Nyumbani usimwambie "jikaze". Panga naye jambo moja dogo lenye saa yake, mfano kutembea dakika kumi baada ya chakula, ukiwa pembeni yake. Lifanyike hata hamu ikiwa haipo. Kwa mwenye sonona hamu huja nyuma ya tendo. Na punguza kumkagua. Mzee anayeulizwa sukari yake kabla hajasalimiwa huanza kuficha namba.

Insulini ya wakati wa mlo achomwe chakula kikiwa mezani na umeona anataka kula. Akisema afadhali afe, usibadilishe mazungumzo: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Akikubali usimwache peke yake, sindano na vidonge vitunze wewe, na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Mama yako