Alama zimejaa, intaneti haifunguki: kuhusu Wi-Fi ya marina ndani ya boti

Sisi tunafunga vifaa vya Wi-Fi ndani ya boti zinazoegeshwa marina, yaani bandari ndogo ya boti. Lalamiko linalotufikia kuliko yote ni hili: "Nimelipia Wi-Fi ya marina, simu inaonyesha alama zote, lakini nikishuka kabini hata ujumbe hauendi." Halafu linafuata la pili: "Dukani kuna kifaa cha kuongeza mawimbi kwa sehemu ndogo tu ya bei yenu. Nyie mnachaji nini hasa?" Wapo wanaotuambia waziwazi kwamba tunawala pesa. Tunayajibu yote mawili kwa pamoja, maana anayelielewa la kwanza huwa halirudii la pili.

Alama za kwenye simu hupima upande mmoja tu, yaani jinsi simu inavyousikia mtambo wa Wi-Fi wa marina. Kama mtambo nao unaisikia simu, hazisemi. Mtambo ulio juu ya nguzo gatini una antena nzuri na hutuma kwa miliwati 100 au zaidi. Simu hutuma kwa miliwati 30 hadi 60 hivi, kwa antena ndogo iliyobanwa ndani ya kava, na kiganja chako kimeifunika. Mwenye kipaza sauti unamsikia vizuri, lakini wewe unayenong'ona hakusikii. Na Wi-Fi haiendi bila jibu: kila kipande cha data kinachotumwa lazima kithibitishwe kuwa kimefika, kisipothibitishwa kinatumwa tena na tena. Ndiyo maana alama zinajaa huku ukurasa unazunguka tu.

Kisha kuna boti yenyewe. Faibaglasi hupitisha mawimbi, japo hupungua kidogo. Alumini na chuma havipitishi, kwa hiyo mawimbi yanaingia kwa dirisha na mlango tu, na vioo vyenye filamu ya kuzuia jua mara nyingi vina tabaka jembamba la metali linaloyarudisha. Boti ya alumini iliyofungwa mita 20 kutoka kwenye nguzo inaweza kukosa mtandao kabisa kabini, wakati yoti ya faibaglasi iliyo mita 120 inaona video bila shida. Jirani akiingiza boti kubwa kati yako na nguzo, hali inabadilika siku hiyohiyo. Na maji nayo yana lao: kwenye gati lisiloelea, maji yakipwa boti inashuka mita kadhaa na gati lenyewe linakuwa ukuta wa zege mbele yako. Wateja wanaotuambia "asubuhi ilikuwa inashika, mchana imekufa" tunawaomba kwanza watazame saa za maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti hiyo huonekana zaidi.

Sasa, kabla hujatupigia simu, fanya jaribio moja ambalo halina gharama. Saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko botini kwake, tembea hadi chini ya nguzo yenye mtambo wa marina, simama mita tatu kutoka hapo na upime kasi. Ukipata megabiti 1 au 2 kwa sekunde ukiwa hapo chini, hakuna antena duniani itakayokusaidia ukiwa botini. Tatizo lako ni laini ya marina, inayogawanywa kwa watu wengi kuliko uwezo wake, na mtu wa kumwona ni ofisi ya marina. Tunasema hivi hata kama tunakosa kazi, maana mteja aliyefungiwa vifaa juu ya laini mbovu hurudi akiwa amekasirika, na ana haki.

Ukipata kasi nzuri chini ya nguzo, rudi botini na upime mara mbili: ukiwa sitahani, kisha kabini. Kwenye simu za Android kuna programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, na namba hizo huandikwa kwa hasi. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 bado inatosha kwa video na simu za sauti. Ukifika hasi 75 mambo yanakatika-katika, na hasi 80 usihangaike nayo. Kama una kompyuta, piga ping (amri inayotuma ujumbe mfupi na kungoja jibu) kwenye anwani ya lango la mtandao wa marina, yaani ruta yao inayotoa intaneti, halafu kwenye anwani ya nje kama 8.8.8.8, mara 100 kila moja. Lango likijibu bila kukosa na ya nje ikapotea, tatizo liko kwenye laini ya marina kwenda nje. Lango lenyewe likikosa mara tano au zaidi katika 100, tatizo ni hewa iliyo kati yako na nguzo, na hiyo ndiyo kazi yetu.

Wengi hawapimi. Wananunua kirudishio cha nyumbani, kile kifaa kidogo cha kuongeza mawimbi cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, wanakiweka kabini karibu na dirisha. Kifaa hicho kinasikia kilekile simu yako inachosikia, kwa kuwa kimekaa palepale. Antena yake ni ndogo vilevile. Vingi vyao hupokea na kutuma kwa zamu kwenye chaneli moja, kwa hiyo kasi iliyobaki inakatwa karibu nusu. Vingi pia havijui kujaza ukurasa wa kuingia wa marina, ule unaodai namba ya vocha. Simu inaonyesha alama zote kwa sababu sasa inasikia kirudishio kilicho mita moja, na mteja anaamini kimefanya kazi. Juu ya hayo, kinapiga kelele kwenye chaneli ya marina na kuwaharibia majirani wote wa gati hilo.

Njia ya mkato ya pili ndiyo inayotia uchungu zaidi, kwa sababu mtu ametumia pesa nyingi. Ananunua antena kubwa, anaipandisha kileleni mwa mlingoti, na anashusha kebo nyembamba ya koaksi (kebo ya antena, kama ile ya televisheni), ya aina ya RG-58, hadi kwenye ruta iliyo kabini. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kebo hiyo hupoteza takribani desibeli 1 kwa kila mita. Mita 15 ni desibeli 15, yaani kwenye kila miliwati 100 unazotuma, zinazofika kwenye antena ni kama 3. Antena iliyoandikwa desibeli 8 hairudishi hata hicho kilichopotea njiani. Ukitumia kebo nene ya LMR-400 unapoteza kama desibeli 3.3, bado ni zaidi ya nusu, na kebo ile ni nene kama kidole na haipendi kukunjwa ndani ya mlingoti.

Tena kileleni si mahali pake. Watu hudhani juu zaidi ndiyo bora, kwa kuwa antena ya VHF, redio ya mawasiliano ya boti, iko huko. Antena ya desibeli 8 au 9 hutawanya mawimbi kama sahani bapa: mbali kwa pembeni, ila kwa wima ni nyuzi 15 hivi tu. Ukiwa na antena kwenye mita 15 na mtambo wa marina kwenye mita 4, umbali wa mita 40, unahitaji kutazama chini kwa nyuzi 15, wakati nusu ya sahani yako ni nyuzi 7 na nusu. Mawimbi yanapita juu ya nguzo kwenda kwa jirani wa ng'ambo. Boti ikiyumba kwa upepo, mtandao unakuja na kuondoka kadiri inavyoyumba. Sisi tunafunga antena ya desibeli 5 au 6, ambayo ni nene zaidi kwa wima, kwenye urefu wa mita 3 hadi 5: kwenye tao la tezi, yaani la nyuma ya boti, au kwenye vikono vya chini vya mlingoti. Haikai nyuma ya mlingoti ukiitazama kutoka kwenye nguzo, haikai kwenye usawa wa rada, na iko angalau mita moja kutoka kwenye antena ya VHF.

Kuhusu vile vikuza-nguvu vya wati kadhaa vinavyouzwa mtandaoni, hatuvifungi. Kila nchi ina ukomo wake. Ulaya ni miliwati 100 kwenye masafa ya 2.4, antena ikiwa imeshahesabiwa humo. Na kikuza-nguvu kinakuza kelele pia.

Tunachofanya sisi ni kuipandisha redio yenyewe, yaani kifaa kinachotuma na kupokea Wi-Fi. Redio ya nje inakaa chini ya antena, kebo ya koaksi inakuwa na urefu wa sentimita chache au haipo kabisa, na kinachoshuka kabini ni kebo ya mtandao ambayo haipotezi kitu hadi mita 100. Kebo hiyohiyo ndiyo inayopandisha umeme. Hapo ndipo bei yetu ilipo, na hapo ndipo wengi wanapopunguza. Kebo lazima iwe ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni ya bei rahisi na inafanya kazi vizuri siku ya kwanza, lakini hewa ya chumvi ikiingia kwenye kiunganishi chake inakula, na redio inaanza kuzima kila kebo inapopata joto. Ganda liwe jeusi la nje, linalostahimili jua. Kabla kebo haijaingia kwenye tundu la sitaha tunaiacha ipinde kwenda chini, ili maji yadondoke kwenye pindo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Viunganishi vya nje vinazungushiwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, ukivutwa hadi upungue upana, kisha juu yake mkanda wa plastiki wa kuukinga na jua. Na tafadhali usitie silikoni yenye harufu ya siki kwenye kiunganishi. Ile asidi yake inageuza shaba kuwa kijani. Tunapofungua kazi za namna hiyo, waya unabaki vumbi mkononi.

Umeme nao unahitaji uangalifu. Betri ya "12" haikai kwenye volti 12: ikichajiwa hufika 14.4 na zaidi, na unapowasha injini inaweza kushuka chini ya 10. Ruta ya nyumbani iliyoungwa moja kwa moja hujizima na kuwaka upya kila injini inapowashwa, na mwenye boti analaumu marina. Tunaweka kigeuzi kinachopokea volti 9 hadi 36 na kutoa volti moja isiyotetereka, chenye fyuzi yake karibu na chanzo. Ukiwa umetia nanga mbali na umeme wa gatini, jua kwamba redio na ruta kwa pamoja hula takribani wati 12. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 24 kutoka kwenye betri. Kwa hiyo tunaweka swichi.

Upande wa mipangilio nao unachukua saa zake za kazi. Redio ya juu inajiunga na marina kama mteja mmoja, na ruta ya kabini inatengeneza mtandao wako wenye nenosiri lako. Tunabadilisha anwani za ndani, kwa mfano ziwe 192.168.77, kwa sababu marina nyingi hutumia 192.168.1 sawa na ruta nyingi, na zikigongana hakuna kinachofunguka. Kwa kawaida unaingiza vocha mara moja tu na vifaa vyote vinafuata nyuma yake. Ukurasa wa kuingia usipojitokeza, zima VPN na DNS ya faragha, kisha fungua tovuti yoyote inayoanza na http bila s. Ukitumia simu bila ruta, zima ile anwani ya faragha ya Wi-Fi kwa mtandao huo, la sivyo simu inaweza kuhesabiwa kama kifaa kipya na kula nafasi zako. Mtandao wa kabini tunauweka kwenye chaneli 1, 6 au 11, ile iliyo mbali na ya marina, na nguvu yake tunaishusha hadi chini kabisa. Boti si ghorofa.

Kama jaribio la chini ya nguzo limekuonyesha kwamba laini ya marina ni mbovu, kuna ruta ya 4G yenye antena mbili za nje, au setilaiti. Setilaiti ni nzuri ila inakula wati 50 hadi 100, na betri zako zinapaswa kujua hivyo mapema.

Ukitaka tukupe bei, tutumie hivi: urefu wa boti na imetengenezwa kwa nini, picha ya mlingoti au tao la tezi, umbali wa kukadiria hadi nguzo yenye mtambo, na namba za desibeli za sitahani na kabini ulizopima saa mbili usiku. Utuambie pia kama gati lenu linaelea au limesimama kwenye nguzo zisizosogea, maana hilo ndilo litakaloamua antena ikae urefu gani.