Malalamiko kuhusu kicheza muziki kinachopokea chaji lakini hakisomeki kwenye kompyuta

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Mkuu,

YAH: KICHEZA MUZIKI KISICHOSOMEKA KWENYE KOMPYUTA, NA USHAURI WA KUKIFOMATI

Nimewaandikia wasaidizi wako mara 3 ndani ya wiki 6, na mara zote nimejibiwa maneno yaleyale: nibadilishe waya, nisakinishe upya kiendeshi (programu ya kompyuta inayowasiliana na kifaa), ikishindikana nikifomati kifaa. La kwanza nilikuwa nimeshalifanya kabla sijawaandikia. La pili haliwezi kusaidia, nitaeleza kwa nini. La tatu lingenifutia kazi ya miezi 7 ambayo haipo mahali pengine popote. Ndiyo maana leo nakuandikia wewe.

Mimi ni mtunzi wa nyimbo za kwaya, na sijui kuandika nota. Wimbo ukinijia, iwe njiani au usiku wa manane, nauimba palepale kwenye kinasa sauti kilichomo ndani ya kicheza muziki chenu. Nilikichagua kwa sababu hiyo. Kinakaa mfukoni, kinawaka upesi, na maikrofoni yake inashika sauti ya chini vizuri kuliko simu yangu. Kwa miaka 2 kimenitumikia bila tatizo, na nyimbo kadhaa zinazoimbwa na kwaya yangu zilianzia humo. Kila baada ya muda nahamishia vipande hivyo kwenye kompyuta. Safari hii nilichelewa, na kosa hilo nalikubali kuwa langu: miezi 7 ilipita, vikafika vipande 143.

Siku yenyewe nakumbuka kila hatua. Asubuhi nilikiunganisha na kompyuta kuongeza nyimbo 2, kikasomeka kama kawaida. Kazi ya kuhamisha vipande nikaiacha hadi jioni, nikitulia. Jioni, kabla sijaanza, nikaona mmetoa sasisho la programu ya ndani ya kifaa. Nikalipakua, nikaliweka kwenye memori kadi kama maelekezo yenu yanavyosema, kifaa kikalisoma, kikajizima, kikawaka chenyewe na kuonyesha namba ya toleo jipya. Nilipochomeka waya baada ya hapo, kompyuta haikuonyesha kitu. Mpaka leo haijaonyesha. Kifaa kinachaji, picha ya betri inajaa, muziki unalia na vitufe vyote vinaitika.

Nilichoshuku kwanza ni waya. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi 4: 2 za umeme na 2 za data. Ziko nyaya zenye nyuzi za umeme peke yake, nazo huchaji vizuri tu huku zikishindwa kuhamisha hata faili moja. Kwa hiyo nilijaribu nyaya 3, na kila moja niliihakikisha kwanza kwa kuhamishia picha kutoka kwenye kamera yangu. Zote nzima. Nikaacha matundu ya mbele ya kompyuta na kigawanyio, nikachomeka moja kwa moja kwenye matundu ya nyuma. Nikakichaji usiku kucha, maana betri ikishuka mno kifaa kinaweza kukosa nguvu ya kujitambulisha kwa USB. Nikabonyeza kile kitundu cha kuanzisha upya kwa ncha ya sindano. Kwenye menyu nikajaribu njia zote 2 za kuunganisha, ile ya diski ya kawaida na ile ya MTP, yaani utaratibu wa kuhamisha faili za muziki na picha. Kisha nikaazima kompyuta nyingine 2, hivyo nimekijaribu kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux.

Matokeo yake ndiyo ninayoomba fundi wako ayasome, kwa sababu nimeyatuma mara 2 na hakuna jibu lililoyagusa. Windows, kwenye orodha ya vifaa, inaonyesha kifaa cha USB kisichojulikana, chenye kosa namba 43. Linux, kwenye kumbukumbu za mfumo, inaandika kila ninapochomeka kwamba kusoma maelezo ya kifaa kumeshindikana, kosa namba -71. Mac haionyeshi chochote.

Mtu anayezijua USB ataelewa maana yake. Kifaa kikichomekwa hubisha hodi kwanza, kwa kupandisha volti kwenye uzi mmoja wa data. Kompyuta ikiisikia hodi hiyo huuliza, wewe ni nani? Kifaa kinatakiwa kujibu kwa kutaja namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Kompyuta ikishazipata namba hizo ndipo inapotafuta kiendeshi kinachofaa. Kifaa changu kinabisha hodi, kinaulizwa jina, hakijibu kwa namna inayoeleweka. Mambo yanakwamia hapo, kabla zamu ya kiendeshi haijafika. Nimekisakinisha upya mara 4 kwa sababu wasaidizi wako walisisitiza, na ningeweza kukisakinisha mara 40 bila kubadilisha kitu.

Siapi kwamba sasisho ndilo lililoharibu. Inawezekana pini mojawapo ya data kwenye tundu la kifaa imekufa siku hiyohiyo, maana pini za umeme ni nyingine na kuchaji hakuthibitishi kwamba zile za data ni nzima. Lakini tundu halichezi, halijaingia maji, kifaa hakijawahi kuanguka, na asubuhi yake kilisomeka. Kati ya asubuhi na jioni kilichobadilika ni programu yenu. Nilitegemea angalau mtu mmoja kwenu aniulize namba ya toleo. Hakuna aliyeuliza.

Sasa nije kwenye jambo lililonikasirisha kweli, nalo ni ushauri wa kufomati. Umo katika majibu yote 3, na hakuna hata moja lililonionya kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo kwenye kumbukumbu ya ndani. Kinasa sauti chenu huhifadhi kwenye kumbukumbu hiyo tu. Menyu haitoi nafasi ya kuchagua kadi, wala kunakili kutoka ndani kwenda kwenye kadi. Muziki ulio kwenye kadi uko salama. Niliitoa, nikaichomeka kwenye kisoma kadi, faili zote zikafunguka. Ila faili za sauti niliyoinasa mwenyewe zina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni USB. Mlango huo umefungwa, halafu naambiwa nichome vilivyomo ndani.

Tena kufomati kwenyewe hakuhusiani na tatizo. Kufomati hupanga upya mfumo wa faili, na kompyuta hufika kwenye mfumo wa faili baada ya kifaa kutambulika. Changu hakitambuliki. Ningepoteza vipande vyote 143, na kosa namba 43 lingebaki palepale. Nafikiria mteja asiyejua haya, mwenye sauti ya mzazi wake au ya mtoto wake humo ndani, anayewaamini na kubonyeza ndiyo.

Kwa sasa ninaokoa kidogokidogo kwa njia ambayo hakuna msaidizi wako aliyenitajia. Nimeunganisha tundu la hedifoni la kifaa na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya wa milimita 3.5, nacheza kipande kimoja, kompyuta inakinasa upya. Kipande cha dakika 10 kinachukua dakika 10, hakuna njia ya mkato. Ubora unapungua, kwa kuwa sauti inatolewa kwenye dijitali na kurudishwa tena, na tarehe za faili zinapotea, ambazo ndizo zilizokuwa zinaniambia wimbo upi ulitangulia. Nikikichaji huku nanasa, mvumo wa umeme unaingia, kwa hiyo nafanya kazi kwa betri, ikiisha nasubiri. Nimefikisha vipande 38. Waambie wasaidizi wako njia hii ipo, wawape wateja kabla ya kutamka neno kufomati.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, nipeni faili la toleo la awali la programu ya ndani, linaloweza kuwekwa kwa memori kadi kama lilivyowekwa hili jipya. Nimejaribu kulirudisha mwenyewe kwa faili nililokuwa nimelihifadhi, kifaa kikalikataa kwa kuwa namba yake ni ya nyuma. Kizuizi hicho mmekiweka ninyi, na ninyi mnaweza kukiondoa. Kama toleo la awali halitoki, toeni sasisho jipya, mradi lisihitaji kompyuta, maana marekebisho ya USB yanayopitia USB hayatanifikia.

Ikiwa mafundi wako wataona ni pini, niko tayari kukileta kitengenezwe. Ila fomu yenu ya matengenezo inanitaka nisaini kwamba kumbukumbu yote inaweza kufutwa. Sitaisaini. Nataka maandishi kutoka kwako kwamba tundu litabadilishwa au kurekebishwa bila kugusa kumbukumbu ya ndani, na kwamba ikionekana haiwezekani, nitarudishiwa kifaa kama kilivyo, bila kufutwa. Gharama ya tundu tutazungumza baada ya kujulikana chanzo. Ikithibitika ni sasisho, sioni kwa nini nilipe mimi.

Na kwenye maelekezo ya msaada, ushauri wa kufomati uwekwe mwisho, na juu yake yaandikwe kwa herufi zinazoonekana kwamba sauti zote zilizonaswa zitafutika. Hili halihitaji fundi wala uchunguzi, mnaweza kulifanya leo.

Naambatanisha picha za skrini kutoka kompyuta zote 3, nakala ya kumbukumbu za mfumo wa Linux, namba ya toleo la programu iliyomo sasa, na majibu yote 3 niliyopewa. Naomba nijibiwe na mtu aliyezisoma. Wakati nasubiri, naendelea na kipande cha 39.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mtunzi na mwalimu wa kwaya