Kikao cha Jumamosi, Chake Chake

Assalamu alaykum walimu na ndugu zangu wa kemia,

Kikao chetu ni Jumamosi hii, saa 3 kamili asubuhi, ukumbi uleule wa Chake. Saa 3 ni saa 3 jamani; mara ile tulisubiriana mpaka chai ikapoa.

1. Tutazungumzia chama cha fani kinamfaa nini mwalimu wa kawaida. Royal Society of Chemistry ya Uingereza, ambayo mizizi yake ni ya London mwaka 1841, huchapisha majarida ya utafiti, huthibitisha sifa za wanakemia na huandaa majaribio ya kufundishia, mengi yake bure. Sisi hatuna fedha hizo, lakini kubadilishana majaribio tunaweza.

2. Kila mmoja aje na jaribio moja la vitu vya nyumbani. Mimi naleta maji ya choya, yale maua mekundu ya kinywaji: ukikamulia ndimu yanazidi wekundu, ukitia magadi yanageuka kijani. Wanafunzi wangu waliligombania bakuli. Mwalimu wa Wete, tuletee makonyo ya karafuu, tuizungumze yujino (eugenol), kemikali inayoyapa harufu ile.

3. Mchango ni shilingi 5,000, ya chai na vitumbua. Mpeni mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Tafadhali andika hapa "nipo" au "nina udhuru" kabla ya Alhamisi. Walio Mkoani wanaohitaji usafiri waseme mapema, gari lina nafasi 4 tu.

Katibu wenu