Salamu za shukrani kutoka familia ya mama yetu, Marangu

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa mama yetu mpendwa, tuliyempumzisha kihambani kwake Marangu, tunawashukuru nyote mliotushika mkono tangu alipoambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi hadi siku tulipomzika.

Madaktari na wauguzi wa KCMC hapa Moshi na wa Ocean Road, Dar es Salaam, asanteni sana. Ocean Road alipigwa mionzi mara 25, siku tano kila wiki, na dawa za dripu juu yake. Ndugu zetu wa Tabata mlimpa chumba muda wote huo, na kila alfajiri mlimsindikiza. Hatuna cha kuwalipa.

Mama alikuwa mtu wa imani, lakini hakujifanya haumwi. Usiku alilia, akamuuliza Mungu kwa nini, kwa sauti, na sisi tukisikia. Asubuhi alitaka dirisha lifunguliwe, asomewe Zaburi ya 121, hata kama kilele cha Kibo kimefunikwa na mawingu. Baada ya hapo ombi lake lilikuwa moja: apate nguvu ya kumaliza kikombe cha uji. Siku alizokimaliza alituonyesha kikombe kitupu, nasi tukapata nguvu ya kwenda kazini.

Mchungaji wetu, ulipomletea Chakula cha Bwana, kinywa chake kilikuwa na vidonda vya dawa, hata mate yalimchoma. Ulimega kipande kama punje ya mchele, ukakichovya, ukasubiri. Ulisubiri sana, wala hukumharakisha. Alipomeza akakushika mkono, akasema, "Aika," yaani asante kwa Kichaga. Hatutausahau mchana ule.

Akina mama wa usharika, mtori wenu mliouponda hadi ukalainika kabisa ndicho chakula pekee kilichokaa tumboni mwake. Wauguzi wa tiba shufaa, mlituletea mofini ya maji ya kutuliza maumivu na kutufundisha kumpimia. Wapo waliotuuliza kama kuitumia ni kupungukiwa imani. Mama aliipokea kama jibu la maombi, na sisi hivyo hivyo.

Akina mama wenzetu, tunawasihi mkapime. Mama alitokwa damu miezi saba akidhani ni mambo ya umri. Kabla hajalala alihakikisha wajukuu wake wa kike wamepata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, chanjo inayotolewa nchini kote tangu 2018, akataka na kadi zao azione.

Majirani, wanakwaya, wanavikoba, mliochanga kwa simu, na vijana mliobeba jeneza kwenye tope lile la masika: si rahisi kumtaja kila mmoja. Pokeeni shukrani hizi kama tumefika mlangoni kwenu.

Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani, Jumamosi hii saa nne asubuhi. Karibuni wote. Akina mama wa usharika, safari hii mtori tutaupika sisi.