Shukrani kwa Mama wa Kivukoni Likoni

Mama yangu uliyejitanda leso ya rangi ya machungwa, shikamoo, na upokee shukrani zangu popote ulipo. Mimi ndiye yule mgeni kutoka Nakuru niliyehangaika kivukoni Likoni, Mombasa, nikitafuta pa kukata tikiti, hadi uliponieleza, huku ukizuia kicheko, kwamba atembeaye kwa miguu huvuka kwa feri bila malipo. Tulipofika kisiwani ulinitafutia matatu, ukamwagiza makanga anishushe karibu na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na ukanionya nisipande tuktuk kabla ya kupatana nauli. Vichochoro vya Mji wa Kale nilivipita kwa miguu. Gari lingenifaa nini mle? Viazi karai ulivyonigawia ferini, vingali moto, sikuvilipia, nawe hukunidai.