Neno 'lethal' halikutoka kwenye mto wa usahaulifu

Mhariri,

Katika safu yenu ya lugha ya wiki iliyopita, mwandishi alieleza kwamba kivumishi cha Kiingereza 'lethal', yaani chenye kuua, kimetokana na Lethe, ule mto wa kuzimu ambao Wayunani wa kale waliamini kuwa wafu wakinywa maji yake husahau maisha ya duniani. Maelezo hayo ni matamu, na yamewapotosha wengi kabla yake, lakini si sahihi.

Asili ya neno hilo ni 'letum', yaani mauti kwa Kilatini, na kivumishi chake ni 'letalis'. Hapo hapana h. Waliichomeka waandishi walioona 'letum' linafanana na Lethe wakadhani ni ndugu, na Waingereza wakalipokea neno likiwa na herufi hiyo ya kupandikizwa, kisha wakaitamka: leo husikika th ileile ya 'thamani' na 'thelathini'. Waitaliano husema 'letale' na Wahispania 'letal'. Mtoto halali wa Lethe ni 'lethargy', uzito wa mwili na akili wa mtu aliyelemewa na usingizi.

Jambo la pili, ambalo limenigusa zaidi kwa kuwa mimi hutafsiri lebo za viuatilifu, ni tafsiri ya 'lethal' aliyoipendekeza mwandishi huyo, 'hatari'. Ganda la ndizi sakafuni nalo ni hatari. Mkulima aliyeshika chupa yenye utepe mwekundu na picha ya fuvu anastahili kuambiwa waziwazi kwamba kilichomo kinaua. Hata katika elimu ya sumu, kipimo alichokipendekeza mwanasayansi J. W. Trevan mwaka 1927, ambacho kinabeba 'lethal' katika jina lake (LD50, yaani 'lethal dose 50'), ni kiasi kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio. Sijui nusu hiyo tungeielezaje kwa neno 'hatari' ilhali imekwisha kufa.

Kiswahili kina kitenzi 'kufisha', tunachokisikia katika dua na mawaidha kwamba Mungu ndiye ahuishaye na kufisha, na 'dozi ya kufisha' ingetutosha kabisa, mradi tusiichanganye na 'fatal', neno ambalo kwa kawaida hutumika mauti yakishatokea, kama tunaposema ajali iliyoua. Sumu iliyofungiwa kabatini, hata kama haijamgusa mtu, ni ya kufisha.

Msomaji wenu,
Morogoro