Barua kwa Mwanangu Kabla Hajakata Tiketi ya Kigoma

Arua, Uganda

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umetufikia, nami nimemsomea mama yako wote, mpaka pale uliposema kwamba mitihani ya Julai ikiisha hutapanda basi la moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Kampala kama mwaka jana, kwa sababu wewe na mwenzako mnataka kuikata Tanzania kwa treni, basi na meli, mkipitia Dodoma, Tabora, Kigoma, Mwanza na Bukoba, ndipo mvuke mpaka wa Uganda pale Mutukula. Mama yako aliuliza jambo moja tu, kwamba mtalala wapi. Mimi nimekubali, wala sikukubali kwa shingo upande. Mtu anayesoma historia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji anastahili kuiona ardhi yenyewe, na reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, imeifuata njia ya misafara hiyo kwa sehemu kubwa. Lakini ratiba uliyoniandikia haijakaa sawa, na ningependa tuipange upya kabla hujakata tiketi hata moja.

Umechukua ramani, ukajumlisha saa za kila kipande cha njia, ukapata siku tano. Hivyo ndivyo tunavyopanga huku kwetu, na huku kwetu inafaa, maana mtu wa Arua anayekwenda Kampala hufika paki na begi lake, akilikosa basi la asubuhi anapanda la usiku, na kesho yake anakunywa chai Kampala. Huo ni mwendo wa kilomita 480 hivi. Sasa tazama: Dar es Salaam hadi Dodoma ni karibu umbali uleule, na ukiwa Dodoma hujafika hata nusu ya njia ya reli ya kwenda Kigoma, ambayo ina urefu wa kilomita 1,250 hivi. Tanzania inakaribia kuwa mara nne ya Uganda kwa ukubwa. Katika nchi pana namna hiyo mwendo wa chombo haukucheleweshi sana. Zinazokuchelewesha ni siku zake za kuondoka. Treni ya Kigoma haiondoki kila siku, na meli ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba nayo haiondoki kila siku. Ukichelewa saa moja tu ikakuacha, huenda ukaisubiri siku mbili au tatu, na yote uliyoyapanga mbele yake yakaporomoka pamoja nayo.

Babu yako, Mungu amrehemu, aliijua hesabu hii kuliko mimi. Reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, watu wa Arua waliokuwa na safari za mbali walianza kupanga mambo yao kwa siku za treni: mtu aliuliza kwanza treni inaondoka lini, ndipo akajua auze mbuzi lini na awaage jamaa zake lini. Nawe fanya hivyo hivyo. Tafuta kwanza vyombo viwili vilivyo adimu katika njia yako, yaani treni ya bara na meli ya Ziwa Victoria, uandike siku zao kwenye kalenda, kisha upange mabasi katika nafasi zinazobaki. Mabasi ni mengi, nayo yatakusubiri.

Halafu hesabu kuanzia mwisho, kwa kuwa mwisho wako haubadiliki. Harusi ya binti wa shangazi yako ni Jumamosi, na mama yako anataka uwe nyumbani Alhamisi. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni safari ya mchana mmoja ukiamka mapema, na Kampala hadi Arua unaijua. Meli husafiri usiku kucha, ikaingia Bukoba asubuhi, jambo ambalo linakufaa sana, kwa sababu unashuka bandarini ukiwa na mchana mzima mbele yako wa kufika Mutukula na kuvuka. Basi chagua meli ambayo, hata ikichelewa nusu siku, bado utafika kwetu Alhamisi. Ukishaijua hiyo, rudi nyuma hadi kwenye treni ya bara, na kati ya hizo mbili uweke siku mbili za akiba ambazo hukuzipangia kitu chochote. Najua utaziona kuwa siku zilizopotea. Zisipohitajika, zitumie Kigoma na Ujiji, ambako ndiko moyo wako uliko.

Kuhusu kipande cha kwanza sina maneno mengi. Treni ya umeme ya SGR, yaani ile ya reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, inakufikisha Dodoma kwa muda wa saa nne hivi, tena kwa starehe. Ila kuna jambo moja ambalo ratiba yako haikuliona. Umeandika kwamba mtafika Dodoma mchana na kuunganisha na treni ya zamani ya kwenda Tabora siku hiyo hiyo. Treni hiyo ya zamani nayo imetoka Dar es Salaam, kwa reli yake ileile nyembamba, ikapita Kilosa na Gulwe, mahali ambapo mto umeharibu njia mara nyingi nyakati za mvua. Kwa hiyo wewe umelikwepa bonde la Kilosa, lakini chombo unachokisubiri hakikulikwepa. Mnasafiri wakati wa kiangazi, jambo linalopunguza hofu ya maji, lakini kichwa cha treni huharibika hata kiangazi, na treni za mizigo hutumia reli hiyo hiyo moja. Laleni Dodoma usiku mmoja, na asubuhi mwende stesheni mkaulize treni iko wapi kwa saa ile, kwa maana wafanyakazi wa stesheni hupashana habari na stesheni za nyuma na mara nyingi wanajua mambo ambayo tiketi haiyasemi. Mkimuuliza mwenye bodaboda, mtajieni kwamba mnataka stesheni ya treni ya zamani, msije mkapelekwa ya SGR.

Kateni daraja la pili kulala. Daraja la tatu nalo husafirisha watu wema kila wiki, lakini kukaa wima usiku mzima na mizigo magotini kutawafikisha Kigoma mkiwa hamna nguvu ya kuona chochote. Katika vyumba vya kulala wanawake hutengwa na wanaume, na mlango hufungwa kwa ndani. Fungeni dirisha pia treni inaposimama usiku, maana mikono ya stesheni ni mirefu. Mchana lifungueni mfurahie, kwa sababu huko njiani stesheni ndogo hugeuka soko kila treni inapoingia, na mkifika Tabora nunueni asali.

Tabora ndipo mahali ninapotaka ufikiri kwa utulivu kuliko pengine popote. Pale njia inagawanyika: reli moja inakwenda magharibi hadi Kigoma, nyingine inapanda kaskazini hadi Mwanza kwa kupitia Isaka na Shinyanga. Hapo utakuwa umeshaona kama safari inakwenda kwa wakati au imekula siku zako za akiba. Kama siku hizo bado unazo, nenda Kigoma bila wasiwasi. Kama zimekwisha, panda kuelekea Mwanza, kwa treni au kwa basi, uiache Ujiji kwa mwaka mwingine. Sisemi hivi ili kukunyima. Kama hukuamua mapema kwamba Tabora ndiyo mahali pa kuamua, utafika pale umechoka, mwenzako anataka hivi, wewe unataka vile, honi inalia, nanyi mtaamua kwa papara. Zungumzeni sasa, mkiwa bado hosteli, na mkubaliane kabisa kwamba mkifika Tabora baada ya siku fulani, Kigoma imeahirishwa.

Mkifika Kigoma, reli inaishia karibu na Ziwa Tanganyika lenyewe, na Ujiji ni mwendo mfupi tu kwa daladala. Wewe unayajua mambo ya Ujiji kuliko mimi, tangu misafara ya pembe na watumwa hadi Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kwa hiyo sitakufundisha. Uliuliza kuhusu Liemba. Ni kweli kwamba meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, ikaibuliwa na Waingereza, na ikaanza tena kazi mwaka 1927. Lakini imesimama kwa muda mrefu kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo usipange siku hata moja ya safari yako kwa kuitegemea. Ukiikuta bandarini, itazame na kupiga picha pale tu wanaporuhusu.

Kutoka Kigoma hadi Mwanza pandeni basi linaloondoka alfajiri, likipitia Kasulu na Kibondo. Ni siku nzima ya kukaa, na sitaki mwondoke mchana mkafike Mwanza usiku wa manane, ingawa najua kwamba mabasi ya usiku sasa yanaruhusiwa. Nilipokuwa karani wa forodha, nikifuata mizigo ya kampuni kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kampala, nilizoea kuwasikia madereva wa nchi kavu wakisema kwamba kuingia mji usioujua gizani kunakugharimu mara mbili, kwa nauli na kwa hofu, na nimeona kwamba walisema kweli. Mkipitia upande wa Geita mtavuka daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani pale watu walipanga foleni ya kivuko, na basi lingeweza kupoteza muda mrefu likisubiri zamu yake.

Sasa meli. Hapa nakuomba kama mzazi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu walikufa, wakiwamo wanafunzi wa umri wako. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. MV Victoria utakayoipanda ni meli nyingine, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurudishwa kazini mwaka 2020, nami sina sababu ya kukuzuia. Lakini kateni tiketi katika ofisi ya meli na si kwa mtu wa getini, mjue jaketi za kujiokolea ziko wapi kabla meli haijang'oa nanga, na mkiona kwa macho yenu kwamba watu wanaopanda wamezidi, shukeni. Fedha ya tiketi iende. Bukoba hufikiwa pia kwa barabara, na harusi itawasubiri.

Kwa upande wa mpaka, kumbuka kwamba kitambulisho cha taifa, ambacho kinatutosha kwenda Kenya na Rwanda, hakitoshi kwa Tanzania, kwa hiyo pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vikae mwilini mwako wala visiingie kwenye begi la chini ya basi. Fedha nazo zitazame vizuri Mutukula: noti ya shilingi elfu kumi ipo pande zote mbili na thamani haifanani, na wabadilishaji wa barabarani huhesabu haraka kuliko macho yako. Badilisha kidogo tu, nauli ya kukufikisha Masaka au Kampala, yaliyobaki nitakutumia kwenye simu ukishaweka laini yako ya Uganda.

Kabla ya Mutukula mtavuka mto Kagera penye daraja la Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yalilibomoa daraja la pale Novemba 1978, na Aprili mwaka uliofuata majeshi ya Tanzania yalikuwa Kampala. Wewe umeyasoma hayo kwa upande wa Dar es Salaam. Ukifika nitakueleza yalivyokuwa kwa upande wa West Nile, jinsi watu wa kwetu walivyobeba watoto na magodoro kukimbilia Zaire na Sudan, kwa maana nyanya yako yungali hai na anakumbuka yote, nawe unapaswa kumsikiliza kabla hujaandika tasnifu yako.

Kwa sasa nitumie tarehe mbili: ya treni inayopita Dodoma na ya meli inayotoka Mwanza, zote uziulize katika ofisi zao wenyewe, si kwa rafiki aliyesafiri mwaka juzi. Nikizipata nitazipanga kwenye kalenda ya ukutani pamoja na mama yako, tuone kama siku za akiba zipo, ndipo nikutumie nauli. Kuhusu malazi, tafuteni gesti iliyo karibu na stesheni kwa Dodoma na Tabora, na Mwanza ipo familia ya rafiki yangu wa zamani wa forodha ambayo imekubali kuwapokea. Namba yao nitakupa kwa simu. Mama yako anasema kitenge cha harusi ukinunue Kariakoo kabla hamjaondoka, kiwe pande sita, rangi ya kijani.

Baba yako